Pua ya Mzee Fakhru

Ijumaa, 27 Machi

Daktari aliniambia niandike presha yangu kila asubuhi. Nimeandika wiki nzima, namba ni zile zile, nimechoka nazo. Lakini kalamu nimeshaizoea, basi naandika mengine. Kigujarati nakisema tu nyumbani. Kuandika nilifundishwa Kiswahili, hapa hapa Lindi, na mwalimu aliyekuwa akitupiga rula kwa mwandiko mbaya.

Mvua imeshika. Tangu alfajiri inapiga bati la ghala na ndani ya duka lazima upaze sauti ndiyo usikike. Duka letu ni la chakula cha mifugo: pumba za mahindi, mashudu ya ufuta na ya alizeti, mashudu ya nazi yakipatikana, dagaa wa kuku, chokaa, mawe ya chumvi ya kulambisha ng'ombe. Baba mkwe wangu aliuza vitambaa. Fakhruddin, mume wangu, alipoleta pumba dukani, jamaa zetu walicheka mpaka basi. Sasa hivi wa kucheka wamehamia Dar, na sisi bado tupo na pumba zetu.

Wateja wanatoka mbali, mpaka Mchinga, na wanakuja kwa sababu ya pua ya Fakhruddin. Gunia likishushwa, hachoti juu, maana juu kila mtu anaweka pumba nzuri. Anachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi ya katikati, anaifumba viganjani, anaipulizia pumzi ipate joto. Halafu anafumbua viganja, anafumba macho, ananusa. Ikiwa nzuri anasema, "Ingia." Ikiwa na uvundo anasema, "Rudi." Hana neno la tatu. Wanaoleta mzigo wanambembeleza, wanaapa, wanamtaja Mungu, na gunia linarudi. Wateja nao hawanunui mpaka wasikie kwa Twalib, mpagazi wetu, kwamba mzee kanusa.

Nami miaka yote hiyo nimekaa nyuma ya mizani nikimtazama mume wangu akinusa magunia. Sijawahi kumwona akininusa mimi kwa makini hivyo. Nilimwambia hilo leo. Hakucheka, alisema mvua inapiga kelele hakusikia.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Magoti.

Jumatano, 1 Aprili

Leo nimegombana na Fakhruddin kwa sufuria. Niliteleka maziwa tunayonunua kwa jirani yetu Mastura, nikamwambia, "Baba Alifiya, nakwenda kuanua nguo, yatazame." Alikuwa kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwenye jiko, anasoma simu. Nilipokuwa uani nikasikia harufu ya maziwa yaliyoungua. Nikakimbia na magoti yangu haya. Jikoni moshi umetanda, sufuria jeusi, yeye anasoma simu.

"Hukusikia harufu?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nawaza," akasema.

Hivyo ndivyo alivyo mwaka huu. Hasikii, haoni, hajali. Mtu unaishi naye mpaka unakuwa kama kabati la chumbani, analipita bila kuligeukia. Nimesugua sufuria kwa mchanga mpaka mkono ukafa ganzi, na nguo zenyewe hazikukauka.

Jumamosi, 4 Aprili

Barabara imekatika upande wa Somanga. Maji yamekula tuta, malori yamepanga foleni huku na huku. Mzigo wetu wa Dar, mashudu ya alizeti na pumba za kiwandani, umekwama huko. Twalib kahesabu ghala, tunayo ya wiki moja kwa kubana sana.

Alifiya kapiga simu. Anasema tufunge, tuhamie kwake, kuna chumba. Binti yangu ana huruma lakini hicho chumba nimekiona, dirisha lake linatazama ukuta. Nikamwambia tutaona mvua ikiisha. Nimemjibu hivyo masika tatu sasa.

Jumatano, 8 Aprili

Klementi wa Rutamba kaja leo na pumba. Ni mwenye mashine ya kusaga kule, mtu mcheshi, mkubwa wa mwili. Alisema hakutaka kuja kabla ya Pasaka kuisha, na njiani gari lilinasa kwenye tope akalala hapo hapo. Turubai lilikuwa linachuruzika maji.

Wateja walikuwa wamejaa barazani wanasubiri, maana habari za barabara kila mtu anazo. Fakhruddin akakunja mkono wa shati, akachomeka, akatoa, akapulizia, akafumba macho.

"Ingia," akasema.

Mimi nilikuwa kwenye mizani. Twalib alipopita na gunia la kwanza begani, kuna harufu ilinijia. Harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na chini yake kitu cha uchungu. Nikageuza kichwa. Gunia la pili likapita, nayo ikaja tena. Nikajiambia ni turubai, au ni paka aliyelowa. Na mimi Zaitunbai ni nani hata nimsahihishe Fakhruddin mbele ya watu, na kwa pumba? Magunia yote yakaingia. Kufika Alasiri nusu yake yameshauzwa, na mtu wa kwanza kuchukua alikuwa Mastura.

Mastura ni jirani yetu wa Mtanda. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, anamwita Tausi, na Tausi ndiye anayelea nyumba ile tangu mume wake alipokwenda Songo Songo kutafuta kibarua akapata na mke. Maziwa yetu ya chai yanatoka kwa Tausi. Sasa ana mimba ya miezi sita, Mastura anamwombea ndama jike kama watu wanavyoomba mjukuu.

"Mzee kanusa?" akamuuliza Twalib.

"Kanusa."

"Nipe basi kabla hayajaisha."

Jumanne, 14 Aprili

Chupa ya achari imekwisha. Niliifungua wiki iliyopita. Siku hizi Fakhruddin anamwagia achari na pilipili kwenye kila kitu, hata kwenye khichdi, wali wetu wa choroko, halafu anakula anatokwa na jasho, anasema, "Leo umepika vizuri sana." Zamani alikuwa akiingia mlangoni tu anakwambia binzari nyembamba imeungua upande mmoja.

Nimekaa na chupa tupu mkononi muda mrefu. Nimeanza kuogopa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimefanya jambo la kitoto. Atari yake, ile ya udi anayojipaka kila Ijumaa, niliimimina kwenye kikombe, nikaweka mafuta ya nazi kwenye chupa yake. Rangi karibu moja.

Alipotoka kuoga akavaa kanzu yake nyeupe na kofia ya ukingo wa dhahabu. Akafungua chupa. Akajipaka nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono, akakileta kifundo puani, akavuta pumzi kwa raha.

"Udi huu wa safari hii mzuri," akaniambia. "Wa zamani ulikuwa mkali mno."

Nikasema, "Ndiyo."

Akatoka kwenda msikitini ananuka jiko. Mimi nikakaa kitandani nikalia. Sikulia kwa ajili ya pua, pua ni kiungo kama goti, kinazeeka. Nililia kwa sababu ya vile alivyofumba macho. Alijua hasikii harufu yoyote na akafumba macho, kwa ajili yangu, chumbani kwetu.

Halafu nikakumbuka magunia ya Klementi, machozi yakakatika.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilitaka kusema naye Jumamosi. Sikuweza. Nilitaka Jumapili. Wageni. Leo asubuhi nikasema baada ya chai, na baada ya chai Mastura akaingia, kanga imelowa, mkononi mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama Alifiya."

"Marahaba, Mastura."

"Mzee, Tausi kanigomea chakula. Anakula kidogo anaacha, maziwa yamepungua nusu, na anaharisha. Mimi nasema ni majani haya mabichi ya masika, lakini nimekuletea pumba uzitazame, roho yangu itulie."

Fakhruddin alinitupia jicho, mara moja tu. Akachukua pumba kwenye mfuko, akafumba viganja, akapulizia. Mimi nilikuwa mbali na harufu ilinifikia. Nilimwomba Mungu aseme rudi, aseme tu rudi, hata kwa kubahatisha.

"Safi," akasema. "Majani ndiyo yanayomsumbua. Ukikata leo, yaache yanyauke, mpe kesho. Ya kunyeshewa yanamjaza tumbo. Pumba mwongeze kidogo, apate nguvu."

Mwongeze! Mastura akamshukuru, akaondoka na uso mweupe wa furaha.

Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, nikamwambia Twalib akanywe chai. Nikamwambia Fakhruddin kwa Kigujarati, maana kwa ugomvi ndiyo lugha yetu, "Ijumaa ulijipaka mafuta ya nazi."

Alikataa kwanza. Akasema mafua, akasema vumbi. Halafu akakaa juu ya gunia. Akasema ni tangu homa ile ya Januari. Aliamka asubuhi moja na dunia haina harufu, akadhani itarudi, akasubiri. Magunia ya Februari aliyapitisha kwa kutazama na kushika kwa vidole, na kwa kuwa kulikuwa kukavu hakuna lililoharibika. Akaona anaweza.

"Na hili la leo?" nikamuuliza. "Ulijua huwezi kujua. Kwa nini useme safi?"

"Alikuwa ananitazama," akasema.

"Kamwambie."

"Nikisema, Zaitun, nitabaki nani pale dukani? Mzee wa kushika ufagio?"

Nimekuwa na hasira na mtu huyu mara nyingi, kwa soksi, kwa dada zake, kwa kusahau siku ya kuzaliwa kwa Alifiya. Hasira ya leo siijui. Ina huruma ndani yake, na ndiyo maana inachosha hivi.

Jumanne, 21 Aprili

Nimechukua ufunguo wa ghala nimeufunga kwenye ncha ya leso yangu. Asubuhi nilichana gunia moja la Klementi kwa kisu, kwa urefu. Juu pumba nzuri, za manjano. Katikati mabonge magumu, na ukivunja bonge, ndani kijani na kijivu, na vumbi linalokamata kooni. Twalib akasema tuyaanike jua likitoka, tuyachanganye na mazima, hakuna atakayejua. Nikamwambia akisema hivyo tena atatafuta kazi nyingine. Baadaye nikamwomba radhi, maana maskini alikuwa anafikiria duka.

Nikamtuma azunguke kwa kila aliyenunua, aseme ghala lilivuja, magunia yale yarudi yabadilishwe. Wengi wamerudisha. Kwa Mastura nikaenda mwenyewe, na mwavuli uliovunjika ubavu.

Banda la Tausi ni safi kuliko jikoni kwa watu wengine. Kasimama amekunja mgongo, manyoya yamesimama, macho hayana nia na kitu. Nilimgusa sikio, la baridi. Gunia lilikuwa limening'inizwa juu kwa kamba, panya wasilifikie. Mastura analitunza namna hiyo.

"Mastura, pumba hizi usimpe tena. Ghala lilivuja."

"Hili halikuvuja, mama. Mzee kalinusa jana, ulikuwepo."

"Nimelichana lingine. Lina kuvu."

"Lingine, ndiyo. Hili mzee kasema safi." Akanishika mkono kwa upole, kama ananiongoza kwenye kiti. "Wewe mama tukuachie biriani yako, hapo hatukuwezi. Pumba mwachie mzee."

"Nisikilize mimi. Nusa mwenyewe."

Akanusa. "Nasikia banda tu," akasema. "Pua yangu na ya mzee sawa?"

Neno lilikuwa mdomoni. Mzee hana pua. Maneno matatu. Nilimwona Fakhruddin amekaa juu ya gunia, mikono katikati ya magoti, na maneno yakakataa kutoka. Nikasema nitamletea mashudu ya ufuta badala yake, bure. Akapokea, akaniombea dua ndefu. Gunia lile sikuondoka nalo. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka chupi, na kukasirika kote nilikomkasirikia mume wangu jana, leo kumenigeukia.

Maziwa ya Tausi leo nimeyamwaga. Kesho pia nitamwaga.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Twalib kasema Mastura anachanganya, nusu mashudu yangu, nusu pumba zile. Anasema Tausi akichanganyiwa anakula vizuri zaidi.

Nimemwambia Fakhruddin. Alinyanyuka, akavaa viatu, akafika mlangoni. Halafu akavua viatu.

Alhamisi, 30 Aprili

Tausi katupa mimba.

Twalib alikuja kutuambia asubuhi, nikaenda vile vile na nguo za nyumbani. Ndama alikuwa jike. Mastura alikuwa amemfunika kwa kanga, kanga nzuri, ya doti mpya. Tausi anamlamba kwa juu ya kanga, analamba kitambaa, hatulii.

Josephat, bwana mifugo, alikuwa ameshafika. Ni kijana mpole, mtu wa Masasi. Alishusha gunia kutoka kwenye kamba, akalimwaga sakafuni, akavunja bonge kwa ufito.

"Mama, hii ni kuvu," akasema. "Ina sumu. Inakula ini la mnyama taratibu, na mwenye mimba anaweza kuitupa. Mimba inatoka kwa mengi, siwezi kuapa ndiyo sababu mpaka vipimo, lakini chakula hiki asipewe hata kuku. Na maziwa yake usinywe, usiuze, kwa sasa. Sumu inapita kwenye maziwa, na ukichemsha haiondoki."

"Mzee Fakhru kalinusa," Mastura akasema.

"Kuvu nyingine haina harufu, mama."

"Hiyo hujui wewe. Yule anajua." Kisha akaniinamia mimi, akasema kwa sauti ndogo, Josephat asisikie, "Ni mimi, mama Alifiya. Wiki ile ya mvua kubwa nilikosa majani, nikamchumia kisamvu shambani kwa jirani. Nilikianika kitoke sumu, wallahi nilikianika, lakini jua halikuwepo. Nimemuua ndama kwa mikono yangu."

Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo. Nikamwambia tena hapana, akaanza kujipiga mapajani. Kisamvu chenyewe, kwa alivyoeleza, kilikuwa kidogo, kimezidi kiganja tu. Hakiwezi kutoa mimba. Na mimi ninayejua kilichoweza nilikuwa nimechuchumaa pale nimemshika mikono asijipige, na sikusema.

Niliporudi nilimweleza Fakhruddin yote, kisamvu, kanga, mapaja. Niliyasema polepole, nikirudia. Nilitaka yamwingie. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliuliza jambo moja tu, ndama alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia mwekundu, baka jeupe usoni. Hakula.

Jumapili, 3 Mei

Hatusemeshani. Tumepishana mlangoni mara nne leo, kila mtu anamwambia mwenzake "pita".

Jumatano, 6 Mei

Twalib na vijana wawili wamechimba shimo nyuma ya nyumba, wamefukia magunia ya Klementi na chokaa juu. Kuku wa jirani walikuja kutazama, nikawafukuza kwa ufagio.

Barabara imepitika.

Jumamosi, 9 Mei

Presha leo sitaipima.

Lori la Dar lilifika saa tatu, na nyuma yake Klementi na pumba mpya, ameahidi safari hii kazikausha. Sikutaka hata ashushe, lakini wateja walishajaa, watu wa ng'ombe, watu wa kuku, na wenye mbuzi wanaowanenepesha kwa ajili ya Idd kubwa. Wiki tatu hawajaona pumba ya maana. Ukiwaambia wasubiri wanakula wewe.

Nikasema nitanusa mimi. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote. Kuna aliyecheka, cheko la heshima.

"Mama, tunakuheshimu," akasema mmoja, mfuga kuku wa Mitwero. "Lakini mzee si huyu hapa? Anuse tuondoke, mawingu hayo."

"Mzee anuse," wengine wakadakia.

Fakhruddin akanyanyuka. Akakunja mkono wa shati. Nilimtazama nikasema moyoni, ukithubutu, nakwenda Dar kwenye lile dirisha la ukuta na hunioni. Akachomeka mkono kwenye gunia la Klementi mpaka kiwiko.

Hapo ndipo Mastura alipoingia. Amekonda kwa siku tisa. Hakuja kununua. Alipita katikati ya watu mpaka mbele yake.

"Shikamoo mzee. Samahani nakukatiza. Nataka uniambie wewe, nitakubali. Kisamvu kidogo, hakikukauka vizuri, kinaweza kumtoa ndama? Silali, mzee. Niambie tu kama ni mimi."

Mkono ulikuwa bado ndani ya gunia. Nilimwona anautafuta mkono wake mwenyewe mle ndani, kama umekwama. Akautoa. Hakuwa na konzi, ulikuwa mtupu, mweupe wa unga.

"Si kisamvu," akasema.

"Alhamdulillahi. Basi ni nini?"

"Ni pumba zangu. Mimi sinusi, Mastura. Pua yangu imekufa tangu Januari."

Mvua haikuwepo, kwa hiyo kila mtu alisikia. Klementi alivua kofia, sijui kwa nini.

Nilimwona Mastura akizirudia siku kichwani, midomo inacheza. "Januari," akasema. "Mimi nilikuletea mfuko Aprili. Ulinusa. Ulifumba macho ukanusa."

"Sikunusa kitu."

"Ukasema safi. Ukasema nimwongeze."

"Nilisema."

"Kwa nini, mzee? Ungesema hujui, mimi ningekuonaje?"

Fakhruddin alijipangusa unga mkononi. Halafu akasema, "Niliona haya," na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemfahamu, mtoto fulani kabla hajawa mume wangu.

Mastura alijifunga kanga vizuri. Akaniangalia mimi, na jicho hilo sitalisahau, maana lilikuwa linauliza kama na mimi nilijua. Sikuliepuka. Nikaitikia kwa kichwa.

"Asanteni kwa kunambia," akasema. "Kwaherini." Akatoka. Hakuna aliyempigia kelele mzee, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mfuga kuku wa Mitwero akainama, akachota pumba kutoka katikati ya gunia, akanusa mwenyewe, akampa wa pembeni yake.

Jumapili, 10 Mei

Amelala mchana kutwa, uso ukutani. Nimemwekea maji. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamkanda mguu. Namhurumia, na bado nina hasira naye, na najionea aibu mwenyewe, yote matatu kwa mkupuo, na miguu inauma.

Ijumaa, 15 Mei

Nimekwenda na Fakhruddin kwa Mastura. Ndiye aliyetaka. Aliomba radhi amesimama mlangoni, hakukaribishwa ndani. Akasema mtamba wa kwanza atakayepatikana kwa wafugaji tunaowajua atakuwa wake, si fidia, ni wajibu. Mastura akasema atafikiria. Tausi anakula majani sasa, ameanza kucheua. Tulirudi polepole, mvua ya manyunyu, akaniazima bega kwenye mteremko.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua zimekwisha, nadhani. Nguo zimekauka kwa siku moja, nikazikunja nikiwa na raha ya kijinga.

Idd kubwa wiki ijayo, duka limejaa. Nilidhani tutafunga. Wengine wamehama, kweli, wananunua stendi. Waliobaki wananusa wenyewe. Mtu akija anachomeka mkono mpaka kiwiko, anapulizia, anafumba macho, kila mmoja na madoido yake. Wanabishana. "Hii ina uvundo." "Hiyo ni mikono yako." Mwishowe wananiita mimi, nami mara mbili leo nimesema rudi na Klementi karudisha, ananung'unika. Mabonge tunayavunja, tunatazama rangi, tunashika kama kuna unyevu, hatuiachii pua peke yake. Fakhruddin anashika mizani. Anapima sawasawa na anawaambia wenye mbuzi wasiwabadilishie chakula kwa siku moja, wawaongezee kidogo kidogo. Wanamsikiliza, si wote.

Mastura alikuja saa nne. Alinisalimia mimi. Alimpita Fakhruddin bila kumwamkia. Alinusa magunia manne, akachagua la tano, akalipia, akambebesha Twalib. Fakhruddin alisogeza mizani apate njia. Sijui kama ataamkiwa tena na yule mwanamke, na sitamwombea aamkiwe haraka.

Jioni nilikuwa jikoni. Tangu Januari alikuwa akija, anasimama mlangoni, anasema, "Mmh, harufu hiyo!" na mimi nilikuwa nikijibu bila kugeuka. Leo alikuja, akasimama kimya. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na jiko.

"Unapika nini, Zaitun?"

"Kuku, na wali."

"Kunanukaje?"

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa anauliza kweli. Nikapunguza moto, nikakaa, nikaanza kumweleza, kitunguu kwanza.